Prosesa ya gitaa ilinisumbua miezi minne, haya ndiyo makosa yangu

Nimekuwa nikitaka kuandika hii kitu kwa muda, ju kila wiki kuna mtu ananiuliza nilinunua prosesa gani, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, na kama naweza kumpatia setingi zangu, na nikianza kumweleza nakumbuka ile njia yote, pesa zilizoenda, na zile Jumapili mbili nilishuka jukwaani kabla ibada iishe nikaenda kulia nyuma ya tanki la maji. Napiga gitaa hapa Kisumu, Jumapili kanisani Manyatta, wikendi na bendi ya benga kwa harusi, harambee na matanga. Mimi ni solo ya pili. Miaka yote nilikuwa nachomeka gitaa moja kwa moja kwa amplifaya na mambo yanaenda, halafu bendi ikaanza kuitwa mahali amplifaya za gitaa hakuna, unaambiwa tu kuna mikisa, ile meza ya kuchanganya sauti, na spika kubwa za PA za ukumbi mzima, wewe njoo na gitaa yako. Hapo ndipo nikaanza kutafuta prosesa.

Nilipata ya mkono wa pili kwa 14,500 kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahamia Nakuru. Safi kabisa, skrini haina mkwaruzo. Haikuwa na adapta, akaniwashia na betri nne za AA, taa zikawaka, akabonyeza bonyeza nikaona majina ya sauti yanapita, nikatuma M-Pesa hapo hapo. Sikuchomeka gitaa. Sikujaribu jeki za kutoa sauti zote mbili, sikukanyaga kila swichi, sikusukuma pedali nikiwa nasikiliza. Ukienda kununua ya mkono wa pili beba gitaa yako, waya wako na earphone, kaa nayo nusu saa, na mtu akikuharakisha rudi nyumbani na pesa yako.

Sasa adapta. Nyumbani nilikuwa na adapta ya redio iliyokufa, imeandikwa 9V, na chini ya prosesa imeandikwa 9V, jeki inaingia vizuri kabisa kama imezaliwa hapo. Nikachomeka. Hakuna taa. Nikangoja, nikachomoa, nikarudisha, ndipo nikasikia harufu ndogo ya kuungua, ile ya plastiki iliyogusa pasi. Nilikaa kitandani nikiiangalia. 14,500 ni pesa nilikuwa nimeweka kidogo kidogo tangu Aprili.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mmoja wa redio Kondele, mzee ambaye kibanda chake kimejaa spika zimefunguliwa tumbo. Akaniuliza, "Nyara," yaani binti yangu kwa Kiluo, "ulitumia adapta gani?" Nikamtolea. Akavaa miwani, akageuza prosesa, akanionyesha kitu nilikuwa nimekiona na sijawahi kukisoma: kale kamchoro kadogo ka duara na nukta katikati, na alama za kutoa na kujumlisha pembeni. Kwa prosesa, ile pini ya katikati ni hasi. Kwa adapta yangu ya redio, katikati ni chanya. Volti ni sawa, jeki ni sawa, lakini umeme unaingia kinyume. Akafungua skrubu sita, akatoa bodi, akanionyesha daiodi moja nyeusi yenye mstari mweupe karibu kabisa na mahali adapta inaingia, akaipima na mita ikalia piiii upande huu, akageuza, ikalia piiii upande ule pia. Akaniambia daiodi nzima inapitisha upande mmoja peke yake, hii imekufa, na imekufa ikizuia umeme mbaya usifike ndani. Akaitoa, akachomelea nyingine, 1,200 pamoja na kazi. Prosesa ikawaka. Nilimshika mkono yule mzee nikashindwa kuachilia.

Kwa hivyo hili nalisema kwa herufi kubwa kama naweza: SOMA MCHORO WA DUARA. Prosesa nyingi ndogo za BOSS na Zoom zinataka 9V ya DC na hasi ikiwa katikati, wakati adapta nyingi za ruta, redio na kamera za ulinzi zina chanya katikati. Na kuna zingine za zamani, DigiTech RP100 kwa mfano au Line 6 POD 2.0, hizo zinataka 9V ya AC kabisa, siyo DC, kwa hivyo adapta ya kawaida ya DC siyo yao. Halafu angalia miliampea, kama prosesa inataka 500mA adapta ya 1000mA ni sawa, itachukua inachohitaji tu, lakini ya 200mA itakupa kuzima kuzima na kelele. Nilinunua ya kwake kabisa 1,800 nikaifunga selotepu nyeupe nikaandika PROSESA TU, ju kwetu nyumbani adapta zote nyeusi zinakaa kwa droo moja.

Kabla niondoke yule mzee aliniambia maneno ambayo yalinisaidia kuliko ile daiodi. Nilikuwa nimemwambia kwamba ikisumbua tena nitairudisha. Akasema, "Maji yakikosa kufika kwa nyumba unaanza kuangalia tanki, halafu bomba la nje, halafu mfereji. Hauanzi kupasua ukuta." Wakati huo nilitingisha tu kichwa.

Nilianza kupasua ukuta wiki hiyo hiyo. Sauti ilikuwa inatoka ndogo, kama nusu, kwa kila pachi, yaani kila sauti iliyohifadhiwa ndani. Nikaingia kwa menyu nikageuza kila kitu, nikaongeza geini, ile nguvu ya sauti inayoingia, mpaka sauti ikachafuka, mwishowe kwa hasira nikairudisha kiwandani, ile ya kushikilia kitufe ukiwasha. Ikafuta kila kitu yule jamaa alikuwa ametengeneza, na zingine zilikuwa nzuri sana, na sauti bado ni nusu. Shida ilikuwa nini? Pedali ya kukanyaga ilikuwa imewekwa kuwa ya volyumu na vipimo vyake vilikuwa vimepotea, yaani hata ukiisukuma mpaka chini prosesa inadhani iko katikati. Kuna sehemu kwa menyu ya kuipima upya, unaweka juu unabonyeza, unaweka chini unabonyeza, haikufika dakika moja. Iko kwa kitabu cha maelezo, na kitabu chenyewe unakipata bure kwa tovuti ya waliotengeneza, mimi nilikipakua baada ya kuharibu. Usirudishe kiwandani kama dawa ya kwanza.

Kelele ya mmmm ndiyo ilinichukua muda zaidi, ju nilidhani ni moja kumbe ni tatu. Hapa ndipo nikaanza kufuata maneno ya fundi. Nilianza na gitaa: nikapunguza volyumu ya gitaa mpaka sifuri. Kelele moja ikapotea, maana yake hiyo inatoka kwa gitaa yenyewe. Gitaa yangu ina pikapu za koili moja, zile sumaku chini ya nyuzi, hizo zinadaka kila kitu, taa ya tyubu, chaja ya simu, transfoma, na ukigeuka kuangalia upande mwingine kelele inapungua. Nikahama karibu na dirisha, nikaweka simu mbali, ile iliyobaki nikaifunga na noizi geti, ile ya kukata kelele ukiwa haupigi, kidogo tu, ju ukiikaza sana inakata mwisho wa noti na kwa benga noti zinazotembea haraka zinaanza kumezwa. Ya pili ilikuwa kukwaruza kwa waya, nikisogea inalia krrr, nikafungua jeki nikakuta waya uliochomelewa ndani umeshikilia na kauzi kamoja kama nywele. Ya tatu ilinishinda wiki mbili. Ilikuwa inakuja tu nikiwa nimeunganisha prosesa kwa laptopu na USB na huku sauti inaenda kwa spika ya stima. Usiku mmoja stima ikapotea kidogo halafu ikarudi, na katika kurudisha vitu nikasahau chaja ya laptopu. Kimya. Nikachomeka chaja, mmmmm. Nikachomoa, kimya. Laptopu na spika zote zimeshika ardhi kupitia soketi za ukutani, na prosesa ikawa daraja katikati, umeme wa 50Hz unazunguka kwa nyaya za sauti. Sasa nikitengeneza pachi natumia betri ya laptopu. Kwa shoo natumia DI boksi, kaboksi kanakokaa kati ya prosesa na mikisa, yenye swichi ya kukata ardhi kwa upande wa sauti, 3,500 na sijajuta. Kuna watu watakuambia vunja ile pini kubwa ya plagi, ya ardhi, kelele iishe. Usifanye hivyo kamwe. Hiyo pini ndiyo inakuzuia wewe kuwa waya, ukiwa umeshika nyuzi za chuma na mdomo uko kwa maikrofoni.

Jumapili ya kwanza kanisani. Nyumbani, kwa earphone, usiku, nilikuwa nimetengeneza sauti tatu ambazo nilizipenda mpaka nikachelewa kulala. Nikafika, kijana wa mitambo akanichomeka, nikakanyaga ile ya distosheni, sauti ya kukwaruza, kwa wimbo wa sifa na ikatoka kama nyuki wamefungiwa kwa debe. Watu wa mbele waligeuza shingo. Nikarudi kwa ile safi, nayo ikazama kabisa kwa mwangwi, kanisa letu ni la mabati na kuta za mawe, lina mwangwi wake tayari na mimi nilikuwa nimeongeza wangu. Mchungaji hakusema kitu. Mama mmoja wa kwaya aliniambia kwa upole, "Dada, leo gitaa ilikuwa inaumiza masikio," na akanishika bega, na hiyo upole ndiyo iliniumiza zaidi.

Nimekuja kuelewa kilichotokea na nataka nikieleze vizuri ju hapa ndipo wengi wanakwama na wanauza prosesa wakisema ni mbaya. Spika ya amplifaya ya gitaa, ile ya inchi 12, haitoi sauti kali za juu, ikipita kama 5kHz inaanguka haraka. Spika za PA zinatoa mpaka karibu 20kHz. Distosheni inatengeneza takataka nyingi huko juu, na kwa amplifaya hauzisikii ju spika inazichuja, lakini ukienda moja kwa moja kwa mikisa zinatoka zote, hizo ndizo nyuki. Ndiyo maana prosesa ina kitu kinaitwa kabineti, kinaiga spika ya gitaa. Ile yangu, baada ya kurudishwa kiwandani, ilikuwa imewekwa kwamba inaenda kwa amplifaya, na kabineti imezimwa kwa upande wa jeki. Kwa earphone ilikuwa inaiwasha yenyewe, ndiyo maana nyumbani nilisikia asali. Angalia menyu ya sauti inayotoka: kama unaenda kwa mikisa, iwe LINE na kabineti iwake. Kama unaenda kwa amplifaya ya gitaa, zima kabineti, na amplifaya ikiwa na tundu la ritani (RETURN) kwa nyuma ingia hapo, la sivyo sauti inatoka kama imefunikwa blanketi. Bado huwa nakata juu kwenye 6kHz hivi na chini ya 100Hz, maana huko chini ni kwa mpiga besi, tukigombania na yeye hakuna anayesikika.

Na mikisa pia ilikuwa na makosa. Kijana alikuwa amenichomeka kwa chaneli iliyokuwa ya maikrofoni na geini iko juu, taa nyekundu inawaka. Hapo hakuna pachi itakuokoa. Tunafanya hivi sasa: mimi naweka volyumu ya prosesa robo tatu, napiga kwa nguvu kama vile nitapiga kwa wimbo wenye fujo, yeye anapandisha geini polepole mpaka taa zifike karibu na alama ya sifuri na nyekundu isiwake. Nikitoka kwa prosesa bila DI boksi naomba azime ile volti 48 ambayo mikisa inatuma kwa maikrofoni. Natumia jeki iliyoandikwa L/Mono peke yake, ju Jumapili nyingine nilitumia R na dilei yangu, ile ya kurudia noti, ya kuruka kushoto kulia ikawa inarudi mara moja moja, na sikujua kwa nini mpaka nikaangalia nyuma.

Jumapili ya pili mbaya ilikuwa ya tuna, ile sehemu ya prosesa ya kupima kama nyuzi ziko sawa. Nilitune kwa prosesa, mshale katikati, kijani, kila uzi. Tukaanza, na gitaa yangu na kinanda hazikubaliani hata kidogo, mpiga kinanda ananiangalia, mimi namwangalia, nikatune tena katikati ya wimbo, vile vile. Nikanyamaza nyimbo tatu, halafu nikashuka. Nyumbani ndipo nikaona kwa kona ya skrini imeandikwa 436. Tuna ilikuwa inapima noti ya A kwa 436Hz badala ya 440Hz, na nafikiri niliigusa mwenyewe nikibonyeza bila kusoma. Hiyo ni karibu senti 16 za muziki chini, na nusu toni nzima ni senti 100, kwa hivyo ukiwa peke yako hauskii, ukiingia na kinanda kila mtu anaskia. Siku hizi kabla ya shoo naangalia hiyo namba kwanza hata kabla ya kuangalia nyuzi.

Pachi zangu za benga nilizitupa zote nikaanza upya, na hii sehemu niliipenda sana. Benga ilikuja kwa gitaa kutoka kwa nyatiti, ala ya Waluo ya nyuzi nane, kidole kinagonga na sauti inakauka haraka, ndiyo maana gitaa mbili zinaweza kusukana bila kukanyagana, na ikifika klaimaksi, pale wimbo unachangamka, kila noti lazima itoke ikiwa na kichwa chake. Ukiweka riverbu nyingi, yaani mwangwi, umeua hiyo kitu. Sasa nina kompresa ndogo ya kusawazisha nguvu za noti, sauti safi, katikati imeinuliwa kiasi, na dilei moja ya chini sana. Dilei naihesabu: 60,000 gawanya kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 150 ni milisekunde 400 kwa pigo, nusu yake ni 200, naweka 200 na inarudi mara moja au mbili ikiwa ndani ya ridhimu. Nikiikosea hata kidogo mpiga ngoma ndiye analalamika kwanza. Na sitengenezi tena pachi ya mwisho kwa earphone usiku. Sikio likisikiliza kwa sauti ya chini halisikii besi na zile za juu vizuri, hii watafiti wawili, Fletcher na Munson, waliipima huko Marekani na kuiandika 1933, kwa hivyo unajaza besi na kali chumbani na ukifika ukumbini vinakugeuka. Naenda kanisani Ijumaa jioni, naomba spika ziwashwe kwa volyumu ya Jumapili, nasimama katikati ya viti na waya mrefu, natengeneza hapo. Pachi ya solo naiacha ipande kidogo tu juu ya ile ya kawaida.

Kuhusu kusasisha programu ya ndani, nitasema haraka. Siku mbili laptopu haikuiona prosesa kabisa, nikadhani tundu limekufa, kumbe waya ule wa USB ni wa kuchaji tu, hauna nyaya za data. Nikaazima mwingine. Ikafika nusu, stima ikapotea Nyalenda yote. Skrini ikabaki na mstari. Nilizima, nikafungua kitabu, kuna namna ya kuwasha ukishikilia vitufe viwili na kuanza tena, ikakubali, lakini pachi zote zilienda na nilikuwa sijahifadhi hata moja. Hifadhi kwa laptopu kwanza, halafu sasisha mahali pana UPS, ile betri ya akiba stima ikipotea. Na kama prosesa inakufanyia kazi vizuri na hakuna kitu unahitaji kwa toleo jipya, sioni haja ya kuigusa wiki ya shoo.

Mwezi wa nne tangu niinunue tukaitwa matanga Ahero, usiku kucha, jenereta. Kila mtu akichomeka taa nyingine jenereta inashuka sauti, inapanda, na prosesa yangu inajizima na kujiwasha, sekunde kama kumi za kimya kila mara, na hapo mbele kuna mzee amesimama na noti mkononi anajisifu kwa pakruok, ile desturi ya Waluo ya kujisifu katikati ya muziki, na sisi tunatakiwa kumjibu na gitaa. Zamani ningeanza kubonyeza menyu. Nilianza kwa tanki. Nikachomoa adapta, nikaweka betri nne mpya za AA za alkalaini nilizokuwa nimebeba kwa begi, nikawasha, nikaangalia 440, nikaangalia pachi, nikarudi. Tulipiga mpaka kuku wakawika na haikuzima tena hata mara moja. Mzee mwingine alikuja karibu na jukwaa kwa klaimaksi akainamisha kichwa kwa upande wangu, hakucheza, alisikiliza tu, halafu akaweka mia mbili juu ya prosesa na kuondoka.

Sasa swichi ya tatu imeanza kushika mara mbili nikiikanyaga mara moja. Nimeipuliza, nimeijaribu kwa pachi zote na ni hiyo swichi peke yake, siyo menyu, kwa hivyo nadhani ni vumbi ama imechoka. Jumamosi naipeleka Kondele.